Pasaka ya Watoto wa Nyuma

Lodwar,
14 Machi 2025

Mpendwa Mama Arek,

Hujambo wewe na jeshi lako dogo? Sisi ni wazima, ila joto la mwaka huu limetushika koo. Natasha amekihama kitanda, analala chini kwenye saruji, na nikimwamsha ananiambia nimwache, ndiyo kwanza pamepoa.

Kipchumba amepita leo na lori lake la kabichi, anasema kesho anashuka Kakuma, nami nimeona haya kumwacha aende mikono mitupu. Nilipokuwa mwalimu wako katika lile darasa la watu wazima, nani alikuwa akiwahubiria kwamba simu ni ya kuombana vocha na barua ndiyo ya kuongea? Ni mimi. Na nani hajaandika tangu tulipokuja kwenu Krismasi? Ni mimi huyohuyo. Nisamehe. Kazi ya ofisi inakula siku yote na kutema makapi jioni.

Nimesikia mgao wa chakula umekatwa tena huko. Nimewawaza watoto, hasa kwa kuwa Pasaka iko karibu. Sasa sikia, nimesoma kwenye simu njia za kuwafurahisha watoto siku hiyo bila gharama. Unachemsha mayai, unayapaka rangi, unayaficha bustanini, halafu watoto wanatoka mbio kuyatafuta. Unaweza pia kuwakatia misalaba ya karatasi, au kuwapanga wakaigiza wale wanawake waliokwenda kaburini. Jaribu, utaona watakavyocheka.

Tena kuna jambo zuri linapikwa huku kwa ajili yenu. Sikwambii. Subiri uone.

Msalimie Arek. Natasha anasema bado anamdai mchezo mmoja wa kamba.

Mwalimu wako,
Nyakio (Mama Natasha)


Kakuma,
20 Machi 2025

Mpendwa Mwalimu,

Barua yako imefika ikinuka kabichi. Tumeifurahia hivyohivyo.

Hayo mayai yako yamenichekesha mpaka wateja wakauliza kama chai yangu imeanza kuwa na kitu ndani. Nifiche bustanini? Bustani gani, Mwalimu? Mbele ya nyumba yangu kuna vumbi, na nyuma ya nyumba kuna vumbi la jirani. Na nikificha kitu cha kuliwa hapa, mbwa wa mtaa watasherehekea Pasaka kabla ya Ijumaa Kuu. Kwetu sisi Dinka mwanamume mzima aliyelelewa na ng'ombe hali yai hata umshikie fimbo. Watoto watakula, hawana shida hao. Ila Arek ameuliza, "Kama tuna yai, kwa nini tulifiche? Tunamficha nani?" Mjibu wewe.

Sasa nikwambie linaloniuma. Unaijua Pasaka ya kanisa letu. Alfajiri, kabla jua halijachoma, tunaanzia makaburini kule ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, na kurudi kanisani kwa ngoma. Watoto wako mbele, sisi wakubwa nyuma. Ndivyo wazee wetu walivyoipanga tangu tulipokuja hapa kambini, kwamba habari ya kaburi kuwa tupu iletwe na watoto, kwa sababu wao ndio tuliowabeba mgongoni kutoka vitani. Haigharimu kitu. Ni miguu na sauti tu.

Jumapili iliyopita Mzee Kuot, mwenyekiti wa kamati yetu, akasimama na fimbo yake akatangaza: "Pasaka hii wageni anakuja kutoka Lodwar. Wanaleta nguo nyeupe ya watoto. Lakini si ya wote. Mtoto yenye iko na nyeupe atatembea mbele. Yenye hana, akae nyuma ya kanisa mpaka wageni apige picha amalize. Kanisa isiaibike."

Mwalimu, damu ilinichemka. Nyuma ya kanisa ndiko kuna vyoo! Nikataka kusimama, mume wangu akanivuta kanga. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Arek alitembea akiangalia gauni lake la kijani ambalo nimelishona ubavuni mara nyingi. Halafu akaniuliza, "Mama, sisi ndio wa nyuma?"

Nilimjibu hapana. Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Tangu siku hiyo hataki kwenda mazoezi ya nyimbo. Anasema koo linauma. Koo haliumi.

Hao wageni wa Lodwar ni akina nani? Wewe uko hapo, unawajua? Waambie mtoto si pazia la kufuliwa kwa sababu wageni wanakuja.

Mwanafunzi wako mwenye hasira,
Akuch


Lodwar,
27 Machi 2025

Mpendwa Mama Arek,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimekaa kitako. Pole sana. Pole kwa Arek zaidi.

Lakini naomba usiwahukumu wageni kabla ya kuwaona. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Huenda ni kina mama wa kawaida tu, waliochanga walichonacho wakitaka watoto wapendeze. Huenda hata hawajui kuna tangazo la mbele na nyuma. Kamati ndizo huharibu mambo. Mtu akileta kitu chema, kamati hukitafutia foleni.

Mzee Kuot usimgombeze mbele za watu. Ni mzee, na ana wasiwasi wa kupoteza wafadhili. Zungumza naye pembeni. Na kuhusu Arek, mwambie atulie moyo. Nina imani hatakosa nguo. Usiniulize najuaje, wewe mwambie tu.

Nakutumia trei ya mayai kwa Kipchumba. Hayajachemshwa, hayajapakwa rangi, na sitasema tena yafichwe.

Mwalimu wako,
Nyakio


Kakuma,
8 Aprili 2025

Kwa Bi. Nyakio,

Asante kwa mayai. Tumeyala.

Nguo zimekuja. Mzee Kuot aliita majina chini ya paa la kanisa, na jina la kwanza kabisa lilikuwa la Arek. Mimi sikuandikisha mtu. Akaniambia, akitabasamu kama aliyeniletea fahali, "Yako walituma na jina. Wewe iko na mtu mkubwa Lodwar."

Mtoto wangu alilipokea gauni, akaligeuza, akaliangalia ubavuni, akasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Hii ni ya Natasha. Si hapa ndipo Mama ulimmwagia karkade?"

Doa lipo. Umelisugua, lakini lipo. Karkade yetu, ile chai nyekundu ya maua, haisahau. Niliimwaga mimi mwenyewe siku ya Krismasi, nikimkaribisha mwanao kwa mikono miwili, nikaona aibu, nawe ukacheka ukaniambia ni nguo tu.

Kwa hiyo ndiwe. Jambo zuri lililokuwa linapikwa ni hili. Nilikuandikia hasira zangu zote, nikikuuliza wageni ni akina nani, nawe ukanijibu "huenda", "huenda", ukajificha nyuma ya methali. Basi nami nina moja, uliyotufundisha wewe mwenyewe ubaoni, darasa zima likacheka: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Unajua nani hakupata? Adhieu hakupata. Ni yatima aliyeachwa na jirani yangu, anayelala mkeka mmoja na Arek, na ndiye mwenye sauti inayoanzisha wimbo wetu kila mwaka. Kaambiwa akakae kule vyooni, na mwanangu atembee mbele kwa sababu mama yake anajuana na mtu. Arek alilivua gauni palepale. Hakulia. Alinikabidhi akaniuliza tena swali lake, lakini safari hii halikuwa swali. Alisema, "Mama, mimi niko nyuma na Adhieu."

Nami nikaona nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nikitafuta nguo. Mtoto wangu hakuwa akitafuta nguo.

Sasa sikiliza nitakachofanya, maana sifichi kama wengine. Mnataka weupe? Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya ng'ombe. Kwetu jioni mnakusanya mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mnayachoma polepole, na asubuhi mnapata majivu laini, meupe kuliko unga wa mgao. Watoto wanajipaka mwili mzima. Mbu hawaumi, ngozi inang'aa, na mtu akikuona kwa mbali anajua wewe ni mtoto wa watu wenye ng'ombe. Hapa kambini hatuna hata ndama. Lakini Akeno yuko, yule mama Mturkana wa Lopur anayeniletea kuni. Jana nilimsalimu "Ejok," akaitika "Ejok noi," nikamwomba mavi.

"Mavi?" akasema. "Nyinyi Dinka mnakula mgao ya serikali mpaka sasa mnataka mavi yangu?" Alicheka mpaka akashika punda wake asianguke. Nikamweleza. Akasema, "Nitaleta gunia mbili. Lakini na watoto yangu pia wapakwe."

Watoto wote wasio na nguo watatembea mbele wakiwa weupe wa majivu. Gauni silirudishi. Nina kazi nalo.

Akuch


Lodwar,
11 Aprili 2025

Mama Arek, dada yangu,

Uliniita Bi. Nyakio. Ningepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Ndiyo, ni mimi. Wazo lilikuwa langu katika kikundi cha kina mama wa kanisa letu. Nilisema tuchange nguo nyeupe, watoto wa Kakuma wafurahi. Habari za mbele na nyuma sikuzijua mpaka uliponiandikia, na nilipozijua niliogopa kukwambia. Nilifikiri nikimpelekea Arek gauni, maumivu yako yataisha na hutajua. Nilikosa. Sikuwaza kabisa kuhusu mtoto wa mtu mwingine, na hilo ndilo linanichoma zaidi.

Lakini nakuomba, majivu acha. Si kwa ajili yangu. Majivu tulipakwa Jumatano ya kwanza ya Kwaresima, kipajini, kukumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Hayo ni ya toba na msiba. Utawapaka vipi watoto siku ya kufufuka? Watu watasema mnaomboleza, au watasema mambo mabaya zaidi. Mwenyekiti wa kikundi chetu atakuja mwenyewe na mpiga picha wake, na huyo mama ndiye mkubwa wangu kazini. Akikasirika, atakayehamishwa si Mzee Kuot. Nitakuwa nimeketi pembeni yake katika hema la wageni, nami sina ninaloweza.

Mwaka huu tu, dada. Vumilia. Mwakani nitahakikisha kila mtoto anapata.

Anayekupenda,
Nyakio


Kakuma,
16 Aprili 2025

Mama Natasha,

Naona unaogopa, na sikucheki. Mkubwa wa kazi ni mkubwa wa kazi.

Lakini "mwakani" sina. Mwakani Arek atakuwa ameshazoea. Mtoto akishazoea kukaa nyuma humtoi huko hata kwa hariri. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Kwenu majivu ni mtu atakayekuwa mavumbi. Kwetu ni asubuhi. Unaamka, unahesabu ng'ombe, hakuna aliyeliwa na fisi, hakuna aliyeibwa, unajipaka na kuimba. Ni siku gani nyingine ningewapaka watoto, kama si siku ambayo aliyekufa alionekana akitembea?

Ngoma tumetengeneza kwa jerikeni zilizopasuka. Misalaba tumesuka kwa majani ya mkoma. Adhieu anaanzisha wimbo. Koo la Arek limepona.

Wewe kaa hemani kwako. Mimi nitapita.

Akuch


Lodwar,
22 Aprili 2025

Mama Arek,

Tuliondoka bila kuagana. Gari la kikundi halikungoja mtu, na Natasha alipandishwa akiwa vile alivyokuwa, kiti chote kikawa cheupe. Kwa hiyo nikueleze ulichokuwa huwezi kukiona ukiwa barabarani.

Sisi tulikuwa hemani, viti vya plastiki, chupa ya maji kila mtu. Watoto wenye magauni walipangwa upande mmoja kwa ajili ya picha. Mzee Kuot alikuwa na kamba. Kamba, dada! Aliifunga kati ya miti miwili njiani, ili wa nyuma wasipite. Natasha akaniuliza kamba ni ya nini, nikamwambia ni ya mchezo. Bado nilikuwa nikisema uongo hata hapo.

Halafu tukasikia jerikeni. Kwanza nilifikiri ni lori bovu. Kisha sauti ya Adhieu ikaja juu yake peke yake. Mkatokeza kutoka upande wa laga, na vumbi na mwanga viko nyuma yenu, watoto weupe kuanzia nywele hadi vidole, macho tu ndiyo meusi. Wa Akeno mlikuwa mmewachanganya na wenu, sikuweza kuwatofautisha.

Mkubwa wangu alishusha miwani akauliza, "Hao watoto wana ugonjwa gani?"

Mama Arek, nimekaa kimya katika ofisi hiyo miaka yote. Nimekubali mambo ambayo siwezi kukuandikia. Lakini nilimwona Arek, na nilikuwa najua anaelekea kwenye kamba. Nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Si wagonjwa. Hao ndio wenye sherehe. Sisi ndio wageni." Kina mama wote wakageuka. Sikuomba radhi.

Na wakati huohuo Natasha akasimama juu ya kiti akapiga kelele, "Mami, si hiyo ni gauni yangu!" Nami ndipo nikaiona bendera yenu. Gauni jeupe juu ya fimbo ndefu, mikono yake imefunguka, doa la karkade liko ubavuni palepale. Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa nayo! Kabla sijamshika alikuwa ameshapita chini ya kamba.

Mzee Kuot alikuwa amesimama mbele yenu na fimbo yake, amekaza uso. Wewe ulikuwa nyuma, najua hukuuona uso huo. Mimi nilikuwa pembeni. Ngoma ilipomfikia, midomo yake ilianza kutaja maneno ya wimbo kabla hajajua kwamba anaimba. Halafu fimbo ikaanguka, na yule mzee akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, ameipinda kama pembe, akarukaruka mahali alipo. Nilimwuliza mama aliyekuwa karibu yangu maana yake ni nini. Akaniambia kijana hufanya hivyo akimwimbia ng'ombe wake. Kamba mliikanyaga ikiwa chini. Sijui nani aliifungua. Wale wa magauni meupe waliacha mstari wa picha wakawafuata.

Leo nimeitwa ofisini. Nimeambiwa niandike maelezo kwa nini niliwafedhehesha wageni. Nimeandika sentensi moja tu, ileile niliyoisema hemani. Wakinihamisha, wanihamishe. Nimewahi kuishi Kakuma, hata Kaaleng kule jangwani haitanishinda.

Ninachotaka kukuuliza ni kimoja. Je, bado ni Bi. Nyakio?

Nyakio


Kakuma,
29 Aprili 2025

Mwalimu wangu, dada yangu, Mama Natasha,

Jibu umelipata hapo juu, basi ufute machozi.

Nawe hukuona yaliyotokea baada ya mwanao kupita chini ya kamba, nikwambie. Alikuja moja kwa moja kwa Arek, akasimama na viatu vyake vya kung'aa, akasema gauni ni lake. Arek akamjibu, "Lilikuwa lako. Sasa ni la kanisa." Nikafikiri patakuwa na vita. Natasha akaliangalia lilivyokuwa likipepea, akasema, "Sawa. Lakini mimi sina majivu." Arek hakuwa na ya kumpa, gunia lilikuwa limebaki makaburini. Kwa hiyo alimkumbatia. Akajisugua kwake mashavu, mikono, tumbo, kama ndama anayejikuna kwenye mti, na wengine wote wakaja kumsugua, na watoto wa Akeno pia, mpaka yule binti yako wa ofisini akawa mweupe kama wao. Ndipo wakaendelea kutembea, Adhieu katikati, hao wawili kila upande.

Mzee Kuot alikuja kwangu jioni, akanywa chai vikombe viwili. Kwenye cha tatu akasema, "Wewe Akuch una kichwa ngumu sana." Nikamwambia najua. Akasema, "Mwaka ile ingine, hayo mavi tutafute mapema." Hiyo ndiyo radhi yake, usitegemee nyingine. Bendera ameisimamisha mwenyewe karibu na madhabahu, na mtu akiuliza habari za doa, anasema, "Ni ya Pasaka."

Wafadhili wakiondoka, waondoke. Njaa tunayo hata wakiwepo. Lakini mlangoni kwangu kila asubuhi kuna watoto wanaopiga jerikeni kwa furaha mpaka Wasomali wa dukani wananiomba niwanyamazishe, nami sitawanyamazisha.

Kama watakupeleka Kaaleng, sawa, Kipchumba atajifunza njia mpya, na barua zako zitanuka kabichi vilevile. Kama watakuacha Lodwar, basi wameogopa, na wewe usiogope tena.

Arek anaomba niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe. Anasema: "Mwambie Natasha mwakani majivu yanachomwa Jumamosi. Akichelewa tena, atakaa nyuma."

Dada yako,
Akuch